Kampuni ikiwadanganya wanahisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani

Maswali haya yametoka kwa watu wenye hisa za Marekani: wauguzi na madereva wa malori wa Minnesota na Texas ambao akiba yao ya uzeeni imo kwenye mifuko ya hisa, vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaonunua hisa za New York kwa simu, na wanafunzi wa sheria. Wengi huanza na lalamiko lilelile: "Walidanganya, bei ikaporomoka, mbona kesi imetupwa?" Lalamiko hilo ni la haki kabisa. Jibu lake liko kwenye hukumu za Mahakama ya Juu, kwa sababu huko ndiko ilikoamuliwa kwamba uongo peke yake hautoshi. Kila jibu linajitegemea; pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Sheria yenyewe inasema nini?

Kuna sheria 2 kuu, zote zilitungwa baada ya soko la New York kuporomoka mwaka 1929. Sheria ya 1933 inahusu hisa zinapotolewa kwa umma: kampuni inatoa waraka wa matarajio, yaani maelezo kwa wanunuzi kuhusu biashara yake, na waraka huo ukiwa na uongo, mnunuzi ana haki ya kudai. Sheria ya 1934 inahusu biashara ya kila siku sokoni, na ndiyo iliyounda tume ya kusimamia masoko ya hisa, SEC.

Kesi nyingi hujengwa juu ya kifungu cha 10(b) cha sheria ya 1934 pamoja na kanuni ya 10b-5, iliyotolewa na SEC mwaka 1942. Kanuni hiyo ni fupi mno, lakini inakataza mambo 3: kutumia hila, kusema uongo juu ya jambo zito au kuficha jambo ambalo bila hilo uliyoyasema yanapotosha, na kutenda jambo lolote la udanganyifu katika kununua au kuuza hisa.

2. Ni wapi palipoandikwa kwamba mwanahisa anaweza kushtaki chini ya 10(b)?

Hapajaandikwa popote, na ukilielewa hili utaelewa mengine yote. Bunge la Marekani liliipa SEC kazi ya kusimamia kifungu hicho, wala halikumtaja mwanahisa. Ni majaji waliosema kwamba aliyeumizwa naye ana haki ya kwenda mahakamani. Mahakama ya chini ilisema hivyo mwaka 1946, na Mahakama ya Juu ikalikubali jambo hilo mwaka 1971 katika tanbihi ya mstari mmoja tu. Mwaka 1975 Jaji Rehnquist aliifananisha haki hiyo na mwaloni mkubwa ulioota kutoka mbegu ndogo ya Bunge.

Mti ulioota kwa mikono ya majaji hupogolewa na majaji. Tangu mwaka 1975 sehemu kubwa ya kazi ya Mahakama ya Juu katika eneo hili imekuwa kukata matawi, na mwaka 1995 Bunge nalo likaingia na panga lake (tazama swali la 11).

3. Mahakama ya Juu ndiyo Mahakama Kuu?

Hapana. Mahakama Kuu tunayoijua Tanzania na Kenya husikiliza mashahidi. Mahakama ya Juu ya Marekani ina majaji 9, haisikilizi mashahidi katika kesi hizi, na huchagua yenyewe rufaa za kuamua, mara nyingi pale mahakama za rufaa za mikoa mbalimbali zinapopingana. Ikishaamua, mahakama zote za chini zinafungwa na tafsiri hiyo ya sheria ya shirikisho.

4. Sheria hizi ni za hisa tu?

La. Mwaka 1946, katika kesi ya kampuni ya Howey ya Florida, watu waliuziwa vipande vya shamba la machungwa pamoja na mkataba wa kampuni kuwalimia na kuwauzia. Mahakama ilisema huo ni uwekezaji unaolindwa: umetoa fedha, umeziweka kwenye shughuli ya pamoja, unatarajia faida kutokana na jasho la mwingine. Kipimo hichohicho cha machungwa ndicho kinachotumika leo katika mabishano ya sarafu za kidijitali.

## Nani anaruhusiwa kudai

5. Walitangaza habari mbaya za uongo, nikaogopa kununua, kisha bei ikapanda. Naweza kudai faida niliyoikosa?

Huwezi. Katika kesi ya Blue Chip Stamps, mwaka 1975, wafanyabiashara walidai kwamba kampuni iliandika waraka wa matarajio wenye kukatisha tamaa makusudi ili wasinunue hisa ilizolazimishwa kuwauzia kwa bei nafuu. Mahakama ilisema anayedai chini ya kanuni ya 10b-5 lazima awe amenunua au ameuza. Iliogopa kwamba kila mtu angekuja kudai, "Nami nilitaka kununua," na hapo ushahidi ungekuwa maneno yake matupu.

Kanuni hiyohiyo inamgusa aliyekuwa na hisa tangu zamani na akaendelea kuzishika kwa sababu ya uongo. Huyo hakununua wala hakuuza, kwa hiyo hana kesi chini ya kifungu hiki. Kwa maoni yangu hilo ndilo pigo lake baya zaidi, maana mwenye subira ndiye anayeachwa mikono mitupu.

6. Nilinunua hisa kwa simu bila kusoma taarifa hata moja ya kampuni. Nitasemaje kwamba nilidanganywa?

Hili naliulizwa kuliko yote, na jibu lake ndiyo nguzo inayozishikilia kesi hizi. Kwa kawaida anayedai kudanganywa huonyesha kwamba aliusikia uongo na akauamini. Kama kila mwanahisa angetakiwa kuthibitisha hivyo kivyake, kesi ya pamoja, yaani moja inayofunguliwa kwa niaba ya wote, isingewezekana: watu 50,000 wangekuja na visa 50,000.

Mwaka 1988, katika Basic dhidi ya Levinson, Mahakama ilifungua njia. Kampuni ya Basic ilikanusha mara 3 kwamba ilikuwa na mazungumzo ya kuungana na Combustion Engineering, na huku mazungumzo yanaendelea. Tangazo la kuungana lilipotoka Desemba 1978, waliokuwa wameuza hisa zao kabla walijikuta wameuza kwa hasara. Mahakama ilikubali dhana hii: katika soko lenye pilikapilika, habari zote za wazi huingia kwenye bei. Aliyenunua au kuuza kwa bei ya soko aliitegemea bei hiyo, na kwa hiyo aliutegemea hata uongo uliochanganyika ndani yake. Huhitaji kuwa ulisoma. Kura zilikuwa 4 kwa 2, maana majaji 3 hawakushiriki, na nguzo nzima imesimama juu ya kura hizo 4 mpaka leo.

Kampuni ya mafuta ya Halliburton ilijaribu kuiangusha. Mwaka 2014 Mahakama ilikataa kuifuta hukumu ya Basic, ila iliwapa wadaiwa silaha: kabla kesi haijaidhinishwa kuwa ya pamoja, wanaruhusiwa kuonyesha kwamba maneno yanayolalamikiwa hayakuigusa bei. Kesi hiyo ya Halliburton iliishia kwa makubaliano ya dola milioni 100, baada ya kufika Mahakama ya Juu mara 2.

Mwaka 2021 silaha hiyo ilinolewa zaidi. Goldman Sachs ilishtakiwa kwa kauli kama ile ya kusema maslahi ya wateja wake hutangulia daima, ilhali ilidaiwa kuwa na migongano ya maslahi. Mahakama ya Juu ilisema kadiri kauli inavyokuwa ya jumla jumla, ndivyo inavyokuwa vigumu kuamini kwamba iliinua bei, na majaji wa chini lazima walitazame hilo. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya New York iliiondolea kesi hiyo idhini ya kuwa ya pamoja. Kwa mwanahisa mdogo hapo ndipo mwisho wa safari: hakuna atakayemlipa wakili kwa ajili ya hasara ya dola 800.

7. Niko Dar es Salaam. Je, sheria ya Marekani inanilinda?

Kinachotazamwa ni mahali hisa ziliponunuliwa, si mahali ulipozaliwa wala unapoishi. Hukumu ya msingi ni Morrison dhidi ya National Australia Bank, ya mwaka 2010. Waaustralia walionunua hisa za benki ya Australia katika soko la Australia walishtaki New York, kwa sababu mahesabu yaliyopikwa yalitoka kampuni tanzu iliyokuwa Florida. Jaji Scalia aliandika kwamba kifungu cha 10(b) kinahusu hisa zilizoorodheshwa katika masoko ya Marekani, au miamala mingine iliyofanyika ndani ya Marekani. Wenye kesi walirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo ukinunua hisa zilizoorodheshwa New York kupitia programu ya simu ukiwa Kariakoo, uko ndani, mradi kilichonunuliwa ni hisa yenyewe. Soma vizuri mkataba wa programu yako, maana nyingine huuza dau linalofuata bei ya hisa bila kukununulia hisa. Ukinunua hisa za kampuni hiyohiyo kwenye soko la London, uko nje.

Mfano wa karibu nasi ni Jumia, ambayo wengi tumeagiza bidhaa kwake. Biashara yake iko Afrika, lakini hisa zake ziliorodheshwa New York Aprili 2019. Mwezi uliofuata ripoti ya wachambuzi wanaocheza na kushuka kwa bei ilidai kwamba takwimu zake zilikuwa na kasoro, bei ikaanguka, na kesi zikafunguliwa New York. Ziliishia kwa makubaliano. Kama hisa hizo zingeorodheshwa Nairobi peke yake, kesi hizo zisingekuwa na mlango wa kuingilia.

8. Nilinunua siku ya kwanza kampuni ilipoingia sokoni. Hilo linanisaidia?

Linaweza kukusaidia sana, kwa kuwa chini ya kifungu cha 11 cha sheria ya 1933 huhitaji kuthibitisha nia mbaya ya kampuni. Lakini lazima uonyeshe kwamba hisa zako ndizo zilizosajiliwa kwa waraka ule wenye uongo. Kampuni ya Slack iliingia soko la New York mwaka 2019 kwa kuorodheshwa moja kwa moja, bila benki kuwauzia watu kwanza. Hisa milioni 118 zilikuwa zimesajiliwa na milioni 165 hazikusajiliwa, zote zikaruhusiwa kuuzwa siku moja, kwenye kapu moja. Mwanahisa aliyedai hakuweza kujua zake zilikuwa zipi. Mwaka 2023 majaji wote 9 walisema lazima afuatilie asili ya hisa zake. Ni kama kumwambia mtu aonyeshe punje zake katika gunia la mchele uliochanganywa na aliyemuuzia.

## Uongo upi unahesabika

9. Walijua tatizo, wakanyamaza. Ukimya si uongo?

Chini ya kanuni ya 10b-5, ukimya mtupu si kosa. Nusu ukweli ni kosa. Hukumu ni ya Aprili 2024, Macquarie dhidi ya Moab Partners. Kampuni tanzu ya Macquarie ilikuwa na matangi ya kuhifadhia mafuta mazito, na kanuni mpya ya kimataifa ya meli ilikuwa njiani, ya kuzuia mafuta yenye salfa inayozidi asilimia 0.5 kuanzia mwaka 2020. Wadai walisema kampuni haikuieleza hatari hiyo katika taarifa zake, na ilipotangaza Februari 2018 kwamba wapangaji wa matangi wanapungua, bei ilianguka kwa takriban asilimia 41.

Jaji Sotomayor, kwa niaba ya majaji wote, alitoa mfano ambao mzazi yeyote ataukubali. Mtoto asiyewaambia wazazi kwamba amekula keki nzima amenyamaza. Mtoto anayewaambia kwamba amekula kitindamlo amesema nusu ukweli. Wa pili ndiye anayeshikwa na kanuni hii. Kwa hiyo mwanasheria wa wanahisa lazima apate sentensi fulani iliyosemwa na kampuni, kisha aonyeshe jinsi kilichofichwa kinavyoipotosha. SEC bado inaweza kuifuatilia kampuni iliyonyamaza pale sheria ilipoitaka iseme, na kifungu cha 11 kinautambua ukimya wa namna hiyo katika hati za usajili wa hisa.

10. Kampuni ikisema "tunaamini" au "kwa maoni yetu", imejikinga?

Nusu tu. Katika kesi ya Omnicare, mwaka 2015, kampuni ya kusambaza dawa kwa vituo vya wazee iliandika kwamba inaamini mikataba yake ilikuwa halali. Mahakama ilisema maoni ya kweli hayawi uongo kwa sababu tu yamekuja kuonekana si sahihi. Lakini msomaji ana haki ya kudhani kwamba maoni hayo yana msingi. Kampuni inayosema inaamini iko ndani ya sheria, na kumbe haikumuuliza mwanasheria hata mmoja, au ilionywa na serikali kinyume chake, inaweza kuwa imepotosha.

11. Ni uzembe tu au lazima iwe makusudi?

Lazima kuwe na nia ya kudanganya. Kesi iliyoweka msingi huo ni ya mwaka 1976, nayo ina kisa cha kusikitisha. Rais wa kampuni ndogo ya udalali wa hisa ya Chicago aliwashawishi wateja wampe fedha aziweke kwenye akaunti za pekee zenye faida nono. Akaunti hizo hazikuwapo. Ili asigundulike, aliweka amri ofisini: barua yoyote iliyoandikwa jina lake isifunguliwe na mtu mwingine, hata kama hayupo. Mezani kwake barua zilikaa zimefungwa, na ndani yake mlikuwa na siri nzima. Mwaka 1968 alijiua, akaacha waraka akikiri.

Wateja waliwashtaki wakaguzi wa hesabu, kampuni ya Ernst & Ernst, wakisema mkaguzi makini angeiulizia amri ile ya barua. Mahakama ilijibu kwamba huo, hata ukithibitishwa, ni uzembe, na kifungu cha 10(b) kinazungumza lugha ya hila.

Sheria ya Bunge ya mwaka 1995 iliongeza kizingiti: hati ya madai lazima ioneshe dalili nzito za nia hiyo tangu siku ya kwanza, na mdai haruhusiwi kuona makabrasha ya kampuni mpaka avuke hatua hiyo. Mwaka 2007, katika kesi ya Tellabs, Mahakama ilieleza uzito unaotakiwa: maelezo ya kwamba kulikuwa na nia mbaya lazima yawe na nguvu angalau sawa na maelezo ya kwamba hapakuwa nayo. Kesi nyingi hufia hapa. Mdai anatakiwa aeleze kilichokuwa kichwani mwa mtendaji kabla hajaruhusiwa kusoma hata barua pepe yake moja. Naliona jambo hili kuwa zito mno kwa watu wa kawaida, ndiyo maana mawakili wao huwatafuta wafanyakazi walioacha kazi ili wapate shahidi wa ndani.

12. Jambo dogo likifichwa, linahesabika?

Kipimo ni cha mwaka 1976: je, mwekezaji mwenye busara angeliona jambo hilo kuwa na uzito katika uamuzi wake? Hakuna namba ya kukata. Mwaka 2011 watengenezaji wa dawa ya mafua ya Zicam walijitetea kwamba malalamiko ya watu kupoteza uwezo wa kunusa yalikuwa machache mno kitakwimu. Mahakama ilikataa utetezi huo kwa kauli moja. Wagonjwa wachache wanaweza kumtosha mwekezaji kukimbia.

13. Nilinunua kwa bei iliyopaishwa na uongo. Hasara si ndiyo hiyo?

Bado. Dura dhidi ya Broudo, 2005: siku unaponunua kwa bei iliyovimba, unayo hisa yenye thamani hiyohiyo ya kuvimba, na ukiiuza kesho yake hujapoteza kitu. Lazima uonyeshe kwamba ukweli ulipojitokeza ndio ulioshusha bei. Kama bei ilianguka wiki soko zima lilipoanguka, wadaiwa watasema ni soko, na hapo huitwa wataalamu wa uchumi wa kila upande, kwa gharama kubwa. Ndiyo maana hati za madai hurudia rudia tarehe moja: siku habari ilipotoka.

## Nani anabeba lawama

14. Benki na wauzaji walioisaidia kampuni kudanganya nao wanashtakiwa?

Na SEC, ndiyo. Na wanahisa, kwa kawaida hapana. Mwaka 1994, katika kesi ya Central Bank of Denver, Mahakama ilisema kanuni ya 10b-5 haimpi mwanahisa haki ya kumshtaki msaidizi. Bunge liliirudishia SEC peke yake uwezo huo mwaka uliofuata.

Kisha ikaja Stoneridge, mwaka 2008. Kampuni ya kebo ya Charter iliona mwaka 2000 unaishia bila kufikia malengo ya mapato. Ilikubaliana na waliokuwa wakiiuzia ving'amuzi, Scientific-Atlanta na Motorola: itawalipa dola 20 za ziada kwa kila king'amuzi, nao watazirudisha kwa kununua matangazo kwake. Fedha zilitoka kwa mkono huu na kurudi kwa mkono ule, lakini kwenye vitabu zilisomeka kama mapato ya matangazo, na ilidaiwa kwamba nyaraka ziliandikwa kwa namna ya kuwapoteza wakaguzi. Kwa kura 5 kwa 3, Mahakama ilisema wawekezaji hawakuwategemea wauza ving'amuzi, waliitegemea Charter.

Siku chache baadaye Mahakama ilikataa kusikiliza rufaa ya wanahisa wa Enron, kampuni ya nishati iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, dhidi ya benki zilizosaidia miamala yake. Benki zilizokuwa zimekubali mapema zilikuwa zimelipa mabilioni, na jumla ya makubaliano ya Enron ilifika takriban dola bilioni 7.2. Zilizokataa na kusubiri hazikulipa kesi hiyo chochote. Ukitaka kuona hukumu moja inavyohamisha fedha, tazama hapo.

15. Aliyeandika uongo na aliyeutangaza, nani mwenye kosa?

Mwaka 2011, katika kesi ya Janus, kwa kura 5 kwa 4, Mahakama ilisema msemaji ni yule mwenye kauli ya mwisho juu ya maneno na namna ya kuyatoa. Anayemwandikia kiongozi hotuba si msemaji, kiongozi ndiye. Kampuni zikaona mwanya: uongo ukipitia mikono kadhaa, kila mkono utasema hauhusiki.

Mwaka 2019, katika kesi ya Lorenzo, mwanya huo ulizibwa kwa sehemu. Mfanyakazi wa kampuni ya udalali aliwatumia wawekezaji watarajiwa barua pepe zenye maneno aliyopewa na bosi wake, zikisema kampuni fulani ilikuwa na mali ya dola milioni 10. Alijua kwamba kampuni yenyewe ilikuwa imeshatangaza mali hiyo ni chini ya dola 400,000. Hakuwa msemaji kwa maana ya Janus, lakini kuusambaza uongo huku unaujua ni hila, na hila imekatazwa kivyake. "Nilitumwa na bosi" haikumwokoa.

16. Kampuni inaweza kupatikana na hatia ya jinai?

Ndiyo, tangu hukumu ya mwaka 1909 dhidi ya kampuni ya reli ya New York Central: kosa la mfanyakazi aliyelitenda kazini kwa faida ya kampuni linaweza kuwa kosa la kampuni. Lakini kumbuka Arthur Andersen, wakaguzi wa Enron. Walitiwa hatiani mwaka 2002, na mwaka 2005 majaji wote 9 wakaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya maelekezo mabaya yaliyotolewa kwa baraza la raia lililoamua kesi. Kampuni ilikuwa imeshakufa, na maelfu ya watu ambao hawakuwahi kuligusa faili la Enron walikuwa wamepoteza kazi. Tangu hapo waendesha mashtaka hupendelea mara nyingi kuafikiana na kampuni kuliko kuifikisha kizimbani. Kesi za wanahisa zenyewe hazimfungi mtu. Jela ni kazi ya Wizara ya Sheria.

## SEC na watoa taarifa

17. Hukumu ya SEC dhidi ya Jarkesy imebadilisha nini?

Zamani SEC iliweza kumfungulia mtu kesi ya udanganyifu mbele ya majaji wake wenyewe wa ndani na kumtoza faini huko. Juni 2024, kwa kura 6 kwa 3, Mahakama ilisema anayedaiwa faini kwa udanganyifu ana haki ya kusikilizwa na baraza la raia katika mahakama ya kawaida. SEC haijafungwa mikono. Imebakiwa na mlango mmoja wa kupitia kesi za aina hiyo, nao ni mrefu na wa gharama.

18. Fedha zilizoibwa hurudishwa?

SEC inaweza kuiomba mahakama imtapishe mkosaji faida yake. Hukumu ya Kokesh ya 2017 iliiwekea SEC ukomo wa miaka 5, na ya Liu ya 2020 ikasema kinachorudishwa kisizidi faida halisi na kwa kawaida kiwafikie walioumizwa. Bunge lilirefusha muda huo hadi miaka 10 kwa makosa ya makusudi, mapema mwaka 2021.

19. Nafanya kazi kwenye kampuni na nimeona uchafu. Nimwambie bosi au SEC?

Ukitaka kinga ya sheria ya 2010 dhidi ya kulipiziwa kisasi, wasilisha kwa SEC, kwa maandishi. Katika kesi ya Digital Realty, mwaka 2018, aliyewaambia wakubwa wake tu alikosa kinga hiyo. Bado kuna kinga ya sheria ya 2002 kwa anayeripoti ndani, na mwaka 2024, katika kesi ya Murray dhidi ya UBS, Mahakama ilisema mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa na chuki ya kulipiza kisasi. Inatosha kuonyesha kwamba taarifa yake ilichangia kufukuzwa kwake. Muone wakili kabla ya kutoa karatasi yoyote ofisini.

## Barua imefika nyumbani

20. Nimepata barua nene ya Kiingereza kuhusu kesi nisiyoifungua. Ni utapeli?

Mara nyingi si utapeli. Majuzi nilikaa na dada mmoja mezani kwake tukaisoma yake: kurasa 16 zenye herufi ndogo, na ufunguo wake ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, yaani tarehe 2 za kipindi cha madai. Alinunua hisa 40 ndani ya kipindi hicho, kwa hiyo alihusika bila kujua. Barua ilitaka siku aliyonunua, idadi, bei, na nakala ya taarifa ya dalali wake. Alikuwa ameshaitupa kwenye kapu la karatasi mara moja.

Usipojibu, kwa kawaida hupati fedha na bado unapoteza haki ya kudai mwenyewe. Ukitaka kudai kivyako, jitoe kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Kujaza fomu ya madai ni bure. Anayekutaka utume fedha kwanza ndiye tapeli.

21. Nina muda gani?

Chini ya kanuni ya 10b-5, miaka 2 tangu ulipogundua au ulipopaswa kugundua, na kwa vyovyote isizidi 5 tangu kosa. Chini ya kifungu cha 11, mwaka 1 tangu kugundua, na kwa vyovyote isizidi 3. Usilale ukitegemea kesi ya pamoja ya wengine: mwaka 2017 Mahakama ilisema ule ukomo wa miaka 3 hausimami hata kama kesi ya pamoja inaendelea, na mwaka 2018, katika China Agritech, ikasema kesi ya pamoja ikikwama huwezi kuanzisha nyingine ya pamoja baada ya muda kupita.

22. Si wanahisa wanajilipa wenyewe?

Kwa kiasi, ndiyo. Kampuni hulipa, pamoja na bima yake, na kampuni ni mali ya wanahisa waliopo. Wenye hisa leo wanawalipa walionunua juzi, na mtendaji aliyesema uongo mara nyingi hatoi hata senti mfukoni mwake. Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kesi hizi zifutwe kwa sababu hiyo. SEC haiwezi kuona kila kitu, na mwanya wa Stoneridge unaonyesha kinachotokea wanahisa wanapoondolewa.

23. Hukumu hizi zinazifunga mahakama za Tanzania au Kenya?

Hapana. Tanzania ina sheria yake ya masoko ya mitaji ya mwaka 1994, na Kenya ina yake. Wakili anaweza kuisoma hukumu ya Marekani mbele ya jaji kama hoja ya kushawishi tu.

24. Kwa nini Mahakama ilisikiliza kesi za Facebook na NVIDIA kisha ikakataa kuamua?

Novemba na Desemba 2024, baada ya mawakili kubishana mbele yao, majaji walizifuta rufaa zote 2 wakisema hazikupaswa kupokelewa. Hawakutoa sababu. Matokeo yake ni kwamba maamuzi ya mahakama ya rufaa ya California yamebaki kama yalivyo, na wanahisa wakaruhusiwa kuendelea.

Kesi ya Facebook ndiyo ya kuangaliwa. Taarifa zake ziliwaonya wawekezaji kwamba data za watumiaji huenda zikatumiwa vibaya na watu wengine, na ilidaiwa kwamba wakati huo kampuni ilikuwa inajua Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, imeshazitumia hivyo. Ni ileile nusu ukweli ya swali la 9, imevaa nguo ya tahadhari. Katika majimbo ya magharibi yanayofuata mahakama hiyo, kampuni inayoandika "huenda" juu ya jambo lililokwisha kutokea inaweza kujibu mahakamani. Kwingineko kila mahakama ya rufaa bado ina kipimo chake.